Kuuza IST na kununua gari la umeme Mwanza: anza na kilomita zako

Swali la msomaji: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni dereva teksi hapa Mwanza, gari nalilaza nyumbani Buhongwa. Natumia Toyota IST, kwa siku natembea kama kilomita 120, siku sita kwa wiki. Mafuta yananimaliza. Rafiki yangu ananishauri niuze IST niagize Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani, anasema gari la umeme halina gharama. Wengine wanasema nitajuta: umeme unakatika, betri inakufa, na eti hata hayo mazingira ni maneno tu kwa sababu umeme wenyewe unazalishwa kwa gesi. Naomba ukweli. Halafu wakwe zangu wako Musoma, je, nitafika?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Kwa kilomita unazotembea, gari la umeme linakufaa wewe kuliko linavyomfaa mtu anayekaa Capri Point na kufanya kazi mjini. Huyo hata akiweka petroli kidogo wiki nzima inamtosha, kwa hiyo hana cha kuokoa. Wewe unachoma mafuta kutwa. Lakini kuna mambo mawili lazima uwe nayo kabla hujaigusa IST yako: gari lenye betri nzima, na mahali salama pa kuchajia usiku. Ukikosa moja kati ya hayo, usiuze.

Tuanze na hela. IST kwenye mizunguko ya mjini, foleni ya Mkuyuni, Igogo, kusimama na kuondoka kila dakika, tuipe kilomita 12 kwa lita. Kilomita zako 120 ni lita 10. Bei kikomo ya EWURA hubadilika kila mwezi, na ya Mwanza huwa juu ya ile ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta yanasafirishwa kutoka bandarini hadi huku, basi tuchukue shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Hapo ni shilingi 30,000 kwa siku kabla hujala.

Leaf inatumia kama uniti 16 za umeme kwa kilomita 100. Nasema uniti kwa maana ileile unayoijua kwenye LUKU. Kwa kilomita 120 inafika uniti 19 na kidogo, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea njiani kama joto wakati wa kuchaji, mita yako itasoma kama uniti 22. Kwa bei ya matumizi ya kawaida ya nyumbani, takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni chini kidogo ya shilingi 8,000. Tofauti ni shilingi 22,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi inakaribia shilingi 570,000 kwa mwezi. Chukua risiti zako za sheli za mwezi mmoja, weka namba zako mwenyewe mahali pa hizi zangu, uone inatoka ngapi.

Jambo moja watu hawaliangalii. Kama nyumba yenu iko kwenye kundi la watumiaji wadogo, wale wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi wanaolipa takriban shilingi 122 kwa uniti, gari litawatoa humo, maana litakula peke yake uniti zaidi ya 500 kwa mwezi. Taa, pasi na friji navyo vitaanza kulipiwa bei kubwa. Ongezeko hilo kwa uniti zile 75 ni kama shilingi 17,500 kwa mwezi, kwa hiyo haliondoi faida yako. Ila kama umepanga na mita ni ya kuchangia, usichaji hata siku moja kabla hamjaelewana. Wapangaji wenzako wataona tokeni inaisha ndani ya siku mbili, na watakuwa na haki ya kukasirika. Omba mita yako, au angalau funga mita ndogo inayosoma umeme wa gari peke yake.

Kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo? Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu uniti 9, lakini injini hugeuza kama robo tu ya nishati hiyo kuwa mwendo. Iliyobaki hutoka kwenye rejeta na kwenye ekzosi kama joto. Mota ya umeme hupeleka kwenye magurudumu zaidi ya asilimia 80 ya kinachotoka kwenye betri. Ukisimama kwenye foleni mota haizunguki, kinachokula umeme ni taa, redio na kiyoyozi. Na kwenye mji wa vilima kama wetu, ukishuka kutoka Bugando au Isamilo, mota inageuka kuwa jenereta, inalizuia gari na kurudisha umeme kwenye betri. Hairudishi wote ulioutumia kupanda, lakini sehemu yake inarudi, na pedi za breki zinakaa muda mrefu sana.

Kwenye gereji nako utapumua. Kwa mwendo wako unabadilisha oili takriban kila mwezi na nusu. Leaf haina oili ya injini, haina plagi, haina filta ya oili, haina ekzosi ya kutoboka. Lakini rafiki yako aliyesema haina gharama amezidisha. Shokapu, bushi na boljointi ni zilezile, tena gari ni zito kuliko IST kwa mamia ya kilo, hivyo matairi yataisha mapema kidogo. Ina pia betri ndogo ya volti 12 kama gari lolote, na ikifa gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa. Na betri kubwa imelazwa chini ya sakafu. Wewe unayepeleka abiria kwenye barabara za milimani, mahali mwamba umejitokeza katikati ya njia, itabidi ujifunze kukataa baadhi ya vichochoro.

Sasa betri, maana hapo ndipo wanaojuta hupatia majuto. Leaf za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwaka 2010, zilikuja na betri ya uniti 24. Zikafuata za 30, kisha toleo lililoingia sokoni Japani mwishoni mwa 2017 likaja na uniti 40. Betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza, inategemea hewa tu, kwa hiyo joto likizidi inazeeka haraka. Huku kwetu, mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari na upepo wa ziwa ukipita, hali ni nafuu kuliko pwani. Lakini hujui huko Japani gari lilikaa wapi na lilichajiwa vipi.

Afya ya betri inaonekana kwenye dashibodi. Pembeni ya mita ya chaji kuna vipande vidogo 12. Hivyo havionyeshi chaji iliyopo, vinaonyesha uwezo uliobaki wa betri yenyewe. Kipande cha kwanza hupotea betri ikishapungua uwezo kwa kama asilimia 15, vinavyofuata hupotea kila baada ya asilimia 6 hivi. Leaf ya uniti 24 yenye vipande 9 imebakiwa na kama asilimia 70. Hiyo itakupeleka kilomita 90 hivi kisha itakuacha, na wewe unahitaji 120. Ndizo zinazouzwa bei ya kuvutia, na ndizo zitakazokulaza barabarani. Kwa kazi yako tafuta ya uniti 40 yenye vipande vyote 12, ikikosekana 11. Hiyo itakupa kilomita zaidi ya 180 za mjini, na utarudi nyumbani ukiwa na akiba.

Mwambie muuzaji akutumie picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa, vipande vionekane, kilomita zionekane. Kama yuko tayari, apime kwa programu ya LeafSpy, ambayo husoma afya ya betri moja kwa moja kupitia kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani. Akikataa vyote viwili, achana naye. Kabla ya kulipa, ingiza gari hilo kwenye kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika, kwa sababu gari lililozidi miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na Leaf nyingi za bei nafuu zimeshafika huko.

Usiku ukichaji, huna haja ya kujaza hadi asilimia 100 kila siku. Betri hii inapenda kukaa kati ya 20 na 80. Jaza kabisa siku ukiwa na safari ndefu tu, na uondoke mara ikijaa. Usisubiri ibaki 10 ndipo uchaji, kwa sababu usiku huo ndio umeme utakaokatika. Anayechaji kila usiku, akikosa umeme usiku mmoja bado ana nusu siku ya kazi kwenye betri.

Na jenereta? Usijidanganye nayo. Jenereta ndogo ya petroli hutoa kama uniti 2 hadi 2.5 kwa lita, ambazo zitakupa kilomita 11 hadi 14. Ni sawasawa na IST, ukiongeza kelele na moshi uani kwako.

Naomba sasa unisome taratibu, maana hapa ndipo naogopa zaidi kwa ajili ya watu wa Mwanza. Ni waya wa ethi.

Gari likichaji, bodi lake lote la chuma limeungwa na ethi ya nyumba. Kukitokea hitilafu, umeme unatakiwa kukimbilia ardhini na breka ikate. Ethi inafanya kazi pale tu fimbo yake ya shaba imezama kwenye udongo unaopitisha umeme vizuri, na udongo wenye unyevu ndio mzuri. Nyumba zetu ngapi zimekaa juu ya mwamba? Fundi wayaringi anapiga fimbo, inagonga jiwe baada ya futi moja, anaikata iliyobaki, anafukia, anakwambia ethi ipo. Ipo kwa macho. Mwamba haupitishi umeme wa kutosha, na siku ya hitilafu bodi la gari litabaki na umeme likimsubiri mtoto aliyetoka kucheza peku kwenye uwanja uliolowa mvua.

Vifaa vingi vya kuchajia magari hupima ethi kwanza, na visipoiona hugoma kuchaji. Hapo baadhi ya mafundi hufanya jambo la hatari: wanaunganisha nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, na ethi ndani ya soketi ili kifaa kidanganyike. Gari linachaji, mteja anafurahi, fundi analipwa. Siku nyutro ikikatika kwenye nguzo, gari zima linakuwa na umeme wa volti 230. Fundi akikupendekezea hivyo, mtoe nyumbani kwako.

Suluhisho lipo na si ghali ukilinganisha na gari. Tafuta sehemu ya kiwanja yenye udongo, mara nyingi upande wa chini ambako maji ya mvua hutulia. Fimbo moja isipotosha, zipigwe mbili au tatu zikiwa mbalimbali na ziungwe pamoja. Mwamba ukiwa karibu kila mahali, chimba mtaro mrefu, ulaze utepe wa shaba kwa urefu wake na ufukie kwa udongo mzuri. Kisha fundi apime kwa kipimo cha ethi na akuonyeshe namba, asikuambie kwa mdomo. Gari liwe na laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme: waya wa milimita za mraba 4, breka ya ampia 20, na RCD ya miliampia 30 ambayo hukata umeme ukivuja hata kidogo. Kwenye laini hiyo, kama chaja iliyomo ndani ya gari inapokea ampia 15 hivi, uniti zako 22 zitaingia kwa saa 7. Ukitumia soketi ya kawaida kwa ampia 10 utahitaji saa 9 au 10 kila siku, na soketi ya bei rahisi itaanza kuyeyuka ndani ya wiki chache. Kebo iliyokuja na gari ina plagi ya Kijapani. Usiikate uunge pini tatu. Nunua kifaa cha kuchajia kilichotengenezwa kwa volti 230.

Nije kwenye mazingira. Waliokuambia ni maneno tu wana hoja inayostahili jibu. Ni kweli gridi yetu ina gesi asilia nyingi, Kinyerezi na Ubungo. Lakini ina maji pia: Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengewa uwezo wa megawati 2,115, na Rusumo, kwenye Mto Kagera unaomwaga humu ziwani, kuna megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi.

Tuchukue hali mbaya kabisa, kwamba kila uniti unayochaji imetoka kwenye gesi. Uniti 22 zitakuwa zimetoa kama kilo 10 za hewa ya ukaa. Lita zako 10 za petroli zinatoa kilo 23. Hata kwa gesi tupu umepunguza zaidi ya nusu, na kila uniti inayotoka kwenye maji inapunguza zaidi. Kutengeneza betri nako kunachafua: betri ya uniti 40 huacha nyuma yake kama tani 2.4 hadi 4 za hewa hiyo kiwandani. Kwa mwendo wako wa teksi, deni hilo linalipika ndani ya mwaka mmoja wa kazi, na gari likiwa limeshatumika Japani sehemu yake imeshalipwa. Mtu anayetembea kilomita 10 kwa siku atachukua miaka mingi kulilipa.

Mimi hata hivyo, nikiwa mtu wa hapa ziwani, linaloniuma zaidi ni oili. Fikiria teksi, daladala na bajaji zote za jiji hili zinazomwaga oili kila mwezi au mwezi na nusu. Gereji zilizo kando ya mifereji ni nyingi, mifereji inaingia Mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na maji ya bomba tunayokunywa yanavutwa kutoka ziwa hilohilo pale Capri Point na Butimba. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na bado magari yanaoshwa maji yakigusa matairi, oili ikielea juu. Gari lako la umeme halitakuwa na oili ya injini ya kumwaga. Hilo halihitaji kusubiri bwawa lolote, linaanza siku unayoliwasha.

Vilevile moshi. Anayeuvuta moshi wa ekzosi ni mama anayeuza nyanya kandokando ya barabara Mlango Mmoja, na mtoto aliye mgongoni kwake. Mitambo ya gesi iko mbali na pua zao. Ukimya wa gari pia ni nafuu kwa mji wenye kelele kama wetu, ingawa pale Makoroboi, penye machinga na watembea kwa miguu wengi, uendeshe ukijua kwamba hawakusikii ukija.

Mawili ya haki niyaseme. IST yako ukiiuza haitoweki, itaendelea kuunguza mafuta mikononi mwa mwingine, kwa hiyo faida ya mazingira ni kubwa zaidi pale gari bovu linalotoa moshi mweusi linapostaafu. Na betri ikifika mwisho isije ikaishia dampo la Buhongwa, jirani yako. Betri iliyochoka kwa gari bado inaweza kuhifadhi umeme wa sola wa nyumba au duka kwa miaka, na itapata mnunuzi. Ila isifunguliwe na fundi asiyeijua. Waya nene za rangi ya machungwa utakazoziona chini ya boneti zina umeme wa volti zaidi ya 300, unaoua papo hapo.

Kuhusu Musoma: kutoka hapa ni kama kilomita 220, na kwa mwendo wa barabara kuu betri ya uniti 40 yenye afya itakufikisha kilomita 170 hadi 190. Hutafika kwa chaji moja. Utavuka Bunda, kisha utaanza kuhesabu nguzo. Unaweza kusimama Bunda uchaji kwenye soketi ya kawaida kwa saa kadhaa ukipata mtu wa kukuruhusu, umlipe uniti zake, na hilo linawezekana kwa safari iliyopangwa. Kwa safari ya dharura, msiba usiku, usijaribu. Panda basi stendi ya Nyamhongolo, au azima gari la mafuta kwa siku hizo mbili. Kama unakwenda ukweni kila wiki, basi gari la umeme si lako kwa sasa. Kama ni mara chache kwa mwaka, weka nauli hizo kwenye hesabu yako ya mwaka kabisa, kisha kamwite fundi akapime ethi kabla hujatafuta mteja wa IST.